Kiti cha Abiria

Usukani ndio uliotangulia kuonekana. Ulikuwa umetundikwa katika duka la vipuri, baina ya vioo vya pembeni na vifuniko vya magurudumu, umevikwa ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi wa rangi ya machungwa. Katikati yake palikuwa na jino dogo la fedha, lililobandikwa na mwenye gari kwa mzaha, kwa kuwa mwenye gari alikuwa daktari wa meno. Mwenye duka hakuficha kitu. Alisema ameununua kwa fundi mmoja aitwaye Bisibisi, na kwamba kwa Bisibisi vingalipo vingine: taa, milango, rejeta, redio, kila kilichokuwa ndani ya gari lile la spoti ambalo mji mzima ulilijua kwa mlio wake.

Inspekta alitoka dukani ameushika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

"Daktari hakusafiri, afande," Koplo alisema, akimfungulia mlango wa gari. "Mtu haendi ng'ambo akaacha gari lake linakatwa mapande kama ng'ombe wa machinjioni."

"Huenda ameliuza mwenyewe. Usihukumu kabla shahidi hajafungua kinywa."

"Mimi sihukumu. Nasema tu lile gari alilipenda kuliko mchumba."

"Hakuwa na mchumba."

"Si ndiyo maana?"

Inspekta hakucheka. Tangu faili hili la kupotea kwa Daktari lifunguliwe, kila asubuhi mama yake Daktari alikuwa akifika kituoni na kuketi kwenye benchi la wageni, mikono yake imekunjwa mapajani. Hakulia wala hakumsumbua mtu. Aliuliza swali moja, akajibiwa kuwa bado, akainuka akaenda zake. Mwanawe mkubwa, mpima ardhi, alikuwa ameshawaeleza ndugu na majirani kwamba mdogo wake amepata kazi nje ya nchi na atapiga simu akitulia. Mama alimsikiliza wala hakumbishia, ila benchi hakuliacha.

"Kama yu hai, nataka sauti yake," alimwambia Inspekta siku moja. "Kama si hai, nataka kaburi lake. Sina ombi la tatu."

Na Bisibisi, aliyekuwa akiliuza gari hilo kipande baada ya kipande, alikuwa kaka yake mama huyo, wa tumbo moja. Mjomba wa vijana wote wawili.

Karakana yake ilikuwa uwanja mpana uliozungushiwa mabati, ardhi yake imekunywa mafuta hata ikawa nyeusi na ngumu mfano wa lami. Milango ya magari ilisimamishwa kwa safu, mmoja ukiuegemea mwenzake. Injini zilikaa juu ya matairi, zimefunikwa magunia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimepanguswa, kimetulia. Ungedhani ni ghala la mtu aliyestaafu jeshi. Katikati, chini ya paa la mabati, lilikuwapo bodi tupu la gari la spoti, halina milango, halina vioo, halina magurudumu, limekalishwa juu ya magogo.

Kando yake palikuwa na pikapu iliyoinuliwa kwa jeki, na chini yake ilichomoza miguu ya mtu mzima.

"Mwenye viatu vya polisi aseme shida yake," sauti ilitoka chini ya pikapu. "Viatu vya polisi navijua. Vinang'aa mbele, nyuma vimechoka."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Alijivuta nje polepole, akijishika kiuno, akikunja uso kila alipogeuza mgongo. Alikuwa mzee mwembamba, mvi zake zimeingia masizi. Aliutazama usukani mkononi mwa Inspekta, akautazama muda kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatabasamu.

"Karibuni mkae. Hapa viti ni vingi kuliko watu."

"Tutasimama. Mzee, gari hili ni la nani?"

"La mpwa wangu. Sifichi, la nini kuficha? Aliniletea mwenyewe. Akasema, 'Mjomba, mimi nasafiri. Livunje, uuze, kitakachopatikana mpe mama.' Nikamwambia, mwanangu, unavunja kitu kizima? Akasema, 'Mjomba, huko niendako sitalihitaji.'"

"Aliliendesha mwenyewe hadi hapa?"

"Nani mwingine? Gari lile alikuwa hampi mtu."

"Hata kaka yake?"

Bisibisi aliokota kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Hata kaka yake."

Inspekta hakumpinga. Mama mtu alikuwa amemweleza kinyume chake: kwamba mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo kuendesha, na kwamba kwa heshima hiyo yeye peke yake ndiye aliyewahi kukabidhiwa funguo za gari lile. Aliliweka neno hilo akiba, akauliza jingine.

"Alikuwa fundi pia, huyu Daktari?"

"Fundi!" Mzee alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Alilipenda gari kama mtu anayempenda farasi naye hajui kumlisha. Tairi ikipasuka, Mjomba. Taa ikizima, Mjomba. Nilimpa spana siku moja, akaniuliza mdomo wake ni upi. Mikono ya daktari ile. Laini kama ya bibi harusi."

"Nioneshe vilivyobaki."

Aliwapitisha. Milango miwili ilikuwa imesimama peke yake, rangi yake ya machungwa ingali inang'aa. Boneti ilikuwapo, na taa zimefungwa magazeti. Kiti cha dereva kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa nailoni.

"Kiti kimoja?" Inspekta aliuliza.

"Kimoja. Cha abiria hakikuja. Alikwisha kukitoa. Hawa vijana wa magari ya mbio, binti yangu, wanapunguza uzito. Wanatoa kiti, wanatoa tairi ya akiba. Ingewezekana wangetoa na roho." Alikohoa. "Ndiyo mambo yao."

Maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli. Inspekta alikuwa ameshaona magari ya namna hiyo, yenye kiti kimoja na sakafu tupu. Alitikisa kichwa kukubali, akawa anaelekea kwenye bodi, mara akamsikia Koplo akimwita kwa sauti ya mtu aliyeokota hazina.

"Afande! Damu!"

Koplo alikuwa ameinama kwenye buti, ametoa kidole chekundu. Zulia la buti lilikuwa na doa pana, jekundu, lenye kung'aa.

"Kijana," Bisibisi alisema, "ukiona damu ya namna hiyo, usimwite daktari, mwite fundi. Mafuta ya gia hayo. Gia boksi niliiweka hapo siku nilipoishusha."

Inspekta aligusa doa, akasugua vidole, akanusa. Liliteleza wala halikukauka, na harufu yake ilikuwa ya mafuta.

"Ni mafuta," alisema.

Koplo alijifuta kwenye suruali yake, kisha akaijutia suruali.

Hapo ndipo lori likasimama langoni, na mtu mnene akachungulia dirishani. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Bisibisi! Leo unanipa ule mzoga, au unataka kuuoa?"

"Nimekwambia hauuzwi! Ondoka!"

"Mwezi wa pili huu unaniambia haya. Umeuza nyama yote, mifupa unaifanyia nini? Mchuzi?"

"Ondoka langoni kwangu, mpumbavu wee!"

Mnunuzi alipandisha mabega, akawatazama polisi kana kwamba anawaomba wamshuhudie, kisha akaondosha lori. Mtu aliyekuwa amewafanyia mzaha polisi wawili alikuwa ameshindwa kuvumilia mzaha wa mteja.

"Mbona humpi?" Inspekta aliuliza. "Bodi tupu hili. Hakuna atakayelinunua ila yeye."

"Nitampa. Kila kitu na siku yake. Mniwie radhi, nina kazi ya watu."

Alirudi kwenye pikapu, akafungua boneti, akaanza kuishusha alteneta, mtambo wa kuchaji betri. Inspekta hakuondoka. Alisimama kando, akaitazama mikono. Mzee alifungua bolti ya kwanza, akaichovya katika kopo la grisi ya manjano, akairudisha kwenye tundu lake na kuizungusha kwa vidole mpaka ikakaa. Ya pili akaifanya vivyo hivyo. Alteneta ilitoka, lakini bolti zake zote zilibaki kwenye injini, kila moja imekaa mahali ilipotoka, kama kwamba hazikupata kufunguliwa.

"Kwa nini unazirudisha, na kitu chenyewe umekitoa?"

Swali la kazi lilimrejeshea mzee utulivu. "Binti yangu, bolti iliyolala chini ni bolti iliyopotea. Mafundi wengine wanazitia koponi zote pamoja. Akitaka moja anamwaga mia, na ile anayoitaka haimo. Mimi marehemu baba alinifundisha: kila bolti na nyumba yake. Ukimtoa mwenyeji, mrudishe mlinzi. Nimefanya hivi tangu sina ndevu. Siku hizi hata sijui kama nafanya."

"Kila gari?"

"Kila gari. Hata usingizini."

"Na vijana wako wa kazi?"

"Sina vijana wa kazi. Nilikuwa nao wawili, nikawaachisha."

"Lini?"

Mzee aliinamia tena injini. Inspekta alikuwa ameshaondoka kuelekea kwenye bodi la gari la spoti.

Alipiga magoti palipokuwa na mlango wa dereva, akamulika sakafu kwa kurunzi. Palipokuwa na kiti cha dereva palikuwa na bolti katika kila tundu, zimeng'aa manjano kwa grisi. Aliinuka, akazunguka upande wa pili, akapiga magoti tena. Kwenye nafasi ya kiti cha abiria, kile kiti ambacho hakikuja, kila tundu lilikuwa na bolti yake. Aliishika moja kwa vidole. Ikazunguka bila spana, ikatoka, ikamwachia grisi kwenye ncha ya kidole.

"Mzee, njoo uone."

Bisibisi alikuja polepole. Aliiona bolti mkononi mwa Inspekta kabla hajaambiwa kitu, na rangi ya uso wake ikageuka.

"Kiti hiki nani alikitoa?"

"Nimeshasema. Mwenyewe."

"Mwenyewe asiyejua mdomo wa spana?"

"Basi labda alimpa fundi mwingine."

"Na huyo fundi mwingine akachovya bolti katika grisi hii ya manjano, akazirudisha tunduni kwa vidole kama ulivyofundishwa na baba yako?"

"Nilizikuta chini, ndani ya gari. Nikazirudisha."

"Zote? Mtu ametoa kiti kwa kupunguza uzito, akazunguka mji na bolti zimemwagika sakafuni, asipotee hata mmoja katika hao walinzi wako?" Inspekta alizungumza bila kupandisha sauti. "Mzee, mdomo wako umesema kiti hakikuja. Mkono wako umesema kilikuja, na kwamba ni wewe uliyekitoa. Mimi nauamini mkono. Haukujua kama unatazamwa."

Mzee aliitazama mikono yake.

"La kuvunda halina ubani," Inspekta alisema. "Kiti kiko wapi?"

Kilikuwa katika chumba cha nyuma alimokuwa akilala, kimegeuzwa kutazama ukuta na kufunikwa turubai. Bisibisi hakulishika turubai. Koplo ndiye aliyelivuta. Ngozi nyeusi, uzi wa machungwa. Juu, pale panapoegemea kichwa, palikuwa na waa la rangi ya kahawia lililokauka na kukakamaa, na mfereji wake mwembamba ulikuwa umeshuka hadi begani. Safari hii Koplo hakupiga kelele, wala hakunyoosha kidole.

"Nilikusudia kukichoma," mzee alisema. "Kiberiti kiliwaka. Mkono ukakataa."

"Daktari aliketi upande wa abiria katika gari lake mwenyewe," Inspekta alisema, kama mtu anayejisomea. "Basi mwingine ndiye aliyeshika usukani. Dada yako aliniambia ni mtu mmoja tu chini ya jua aliyepata kupewa funguo za gari hili."

"Usimtaje."

"Mzee—"

"Usimtaje, nakuomba. Ukimtaja, atakuwa amefanya."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alipoanza kusema, alisema akiitazama sakafu, na maneno yakatoka kwa mpango, kama aliyekuwa ameshayapanga mara nyingi peke yake. Mkubwa alikuwa amehamisha hati ya nyumba ya mama yao kwa jina la mtu mwingine, bila mama kujua. Kazi yake ilikuwa mipaka na hati, na njia alizijua. Mdogo alikuwa amegundua. Walitoka pamoja kwa gari ili wazungumze mbali na masikio ya mama, na mdogo akampa kaka yake usukani kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi yao. Walisimama njiani. Maneno yakawa makali. Palikuwa na spana ya magurudumu nyuma ya kiti.

"Alifika hapa jua likiwa bado juu," Bisibisi alisema. "Akaniambia, 'Mjomba, nimempiga, haamki.' Nikachungulia. Mkanda ulikuwa bado umefungwa. Ungedhani amesinzia njiani, kama alivyokuwa akisinzia akiwa mdogo, nikiwarudisha kwao." Alikitazama kiti. "Binti yangu, nilikuwa na wapwa wawili. Mmoja alikuwa ameshakwenda. Nikasema, dada yangu na abakiwe na mmoja."

"Ukamwachia yupi?" Inspekta aliuliza.

Nje, upepo ulitikisa mabati.

"Mzee, wewe mgongo wako mbovu. Nimekuona ukitoka chini ya pikapu. Kila mshipa ulikuwa unalia. Karakana ya umri huu haikosi shimo la kukagulia magari, fundi asimame ndani yake kama mtu. Shimo lako liko wapi?"

Alinyanyua uso wake, akatazama kupitia mlangoni, kwenye bodi tupu lililokalia magogo, lile alilokuwa akimnyima mnunuzi wa vyuma.

"Nilimwosha kwa mikono yangu," alisema. "Nikamvika nguo nyeupe. Nikamlaza kwa ubavu wake wa kulia, nikasema yanayosemwa. Yule mwingine alisimama pale langoni, hakuweza kukaribia. Sikumtupa, binti yangu. Uandike hivyo, kwamba sikumtupa."

"Nitaandika."

Koplo alivua kofia, akasahau kuivaa tena.

Watu wenye sururu walikuja, na daktari wa serikali akaja nyuma yao. Bodi liliinuliwa na kuwekwa kando. Lilikuwa jepesi, watu wachache walilitosha. Chini yake udongo ulikuwa na rangi nyingine, na ukingo wa saruji ya shimo la zamani ulikuwa unaonekana kwa atazamaye. Bisibisi hakutiwa pingu. Aliomba akae karibu, akakaa juu ya tairi, na sururu ilipotua alitikisika nayo kila mara. Hatimaye nguo nyeupe ikaonekana, na daktari wa serikali akawaambia waweke sururu chini, watumie mikono.

Inspekta alihakikisha mwenyewe, kwani jambo alilokuwa anakwenda kulisema lisingeweza kusemwa kwa kukisia. Kisha akamkabidhi mzee kwa askari wengine, akamchukua Koplo, akaenda nyumbani kwa mama.

Nyumba ilikuwa ndogo, imefagiliwa, pazia lake limefungwa fundo ili mwanga upite. Hapakuwa na dalili yoyote kwamba ilikuwa imeshakuwa mali ya mtu mwingine. Koplo alizunguka mlango wa uani. Inspekta alibisha hodi mlango wa mbele, akakaribishwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mwanawe mkubwa alikuwa amechuchumaa mbele yake, anammiminia maji ya kumezea dawa, amevaa shati safi la kazini. Alikuwa mtoto mwema kwa kila jicho lililomtazama.

"Leo umenitangulia, mwanangu," mama alimwambia Inspekta. "Kesho ningekuja mimi. Karibu."

"Mama," Inspekta alisema, "nimempata."

Mwanamke yule aliinuka kwa haraka ambayo umri wake haukumruhusu. Hakumgeukia Inspekta. Alimgeukia mwanawe, akamshika mabega kwa mikono yote miwili.

"Umesikia, baba? Mdogo wako kapatikana!"

Mpima ardhi alibaki ameshika jagi. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vya Inspekta, ambavyo ule udongo wa rangi nyingine ulikuwa umevigandia hadi kwenye kamba.

Mama alimngoja. Alikuwa amemngoja mtu mwingine siku nyingi, na kungoja alikujua. Akamngoja huyu naye, mikono yake mabegani mwake, uso wake karibu na wake. Furaha iliyokuwa imempanda usoni ilisimama mahali pake, haikupanda zaidi wala haikushuka.

"Muulize," alimwambia. "Muulize yuko wapi."

Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye jagi, yakiingia mkekani, naye hakuyaona.

"Muulize kama yu hai, mwanangu. Mbona humuulizi?"

Mpima ardhi hakuuliza. Na mama yake, akimtazama vivyo hivyo machoni, akaanza kuiondoa mikono yake mabegani mwa mwanawe, kidole baada ya kidole.